Mapipa mawili ya Allenstown: kwa nini kesi ya mauaji Marekani inaweza kukaa miaka 40 bila jibu

Wengi wetu tukisikia "kesi haijatatuliwa kwa miaka 30" picha inayokuja kichwani ni ya muuaji mjanja kupita maelezo, mtu anayewapiga chenga polisi na kuwatumia mafumbo, kama yule Zodiac wa California wa mwaka 1968 na 1969 aliyekuwa anaandika barua magazetini. Fumbo lake moja la alama 340 lilikaa miaka 51 mpaka Desemba 2020 ndo likafunguliwa, na waliolifungua ni watu watatu ambao hata polisi sio. Wauaji wa aina hiyo wapo ila ni wachache sana aisee. Nimefuatilia hizi kesi muda mrefu sasa, usiku watu wamelala mi niko na simu, na nilichokuja kukigundua ni kwamba nyingi zimekwama sababu ya kijinga tu: hakuna aliyejua kama kuna kesi. Mtu kauawa ila hakuna aliyeripoti kwamba kapotea, au kweli ameripotiwa, lakini maiti yake iko jimbo lingine kilomita elfu nne kutoka kwao, imeandikwa namba badala ya jina, na hizo ofisi mbili hazijawahi kupigiana hata simu.

Kesi inayoonyesha hili vizuri kuliko zote ni ya Allenstown, mji mdogo jimbo la New Hampshire kule kaskazini mashariki, pembeni ya hifadhi ya msitu inaitwa Bear Brook. Novemba 1985 mwindaji mmoja alikuwa anazunguka porini karibu na duka lililokuwa limeungua zamani, akakuta pipa la chuma. Ndani yake, kwenye nailoni, mabaki ya mwanamke na mtoto wa kike. Wamepigwa vichwani. Polisi wakaja, wakapiga picha, wakaandika, wakaulizia mwanamke gani wa pale kapotea na mwanae, jibu likawa hakuna. Mwisho wakazikwa makaburi ya pale pale mjini, na kwenye jiwe ikaandikwa kwamba majina yao anayajua Mungu peke yake.

Sasa sikiliza. Mwaka 2000, miaka 15 baadae, askari mmoja aliyekuwa anaipitia ile kesi upya akaamua kurudi porini kutembea kwa miguu, na kama mita 100 tu kutoka lilipokuwa pipa la kwanza akakuta pipa la pili. Ndani yake watoto wawili wadogo wa kike. Mita mia! Muda wote ule lilikuwa pale pale. Kwahiyo wakawa wanne. Vipimo vya DNA vikaonyesha yule mwanamke ni ndugu wa damu kwa upande wa mama na watoto wawili kati ya wale watatu, ila yule wa katikati kiumri hahusiani nao kabisa. Yaani badala ya kupata jibu swali likaongezeka.

Hapa inabidi nieleze kitu ambacho mtu wa kwetu anaweza asikielewe haraka. Sisi tumezoea polisi ni jeshi moja nchi nzima, IGP yuko mmoja, faili la Mwanza linaweza kuitwa Dar. Marekani haiko hivyo. Kule kuna vyombo vya polisi karibu 18,000, kila mji na wake, kila kaunti na sherifu wake, juu yake kuna polisi wa jimbo, halafu FBI ambao kwa kawaida mauaji ya mtaani hayawahusu. Maiti nayo ina ofisi yake tofauti, ya uchunguzi wa vifo, na sehemu nyingi huyo mchunguzi anachaguliwa kwa kura na wala halazimiki kuwa daktari. Taarifa za waliopotea zinaingizwa kwenye mfumo wa FBI unaoonwa na polisi tu, zinaingia zaidi ya laki tano kwa mwaka, na wengi mno wanapatikana, mtoto alikimbilia kwa shangazi, mzee alipotea njia. Upande wa pili, kila mwaka inakadiriwa zinaokotwa maiti 4,400 hivi zisizojulikana ni za nani, na baada ya mwaka mmoja kama 1,000 bado hazina jina. Orodha hizi mbili zilikaa miaka na miaka kama wapangaji wasiosalimiana. Mpaka mwaka 2009 ndo ukaanza kufanya kazi vizuri mfumo unaoitwa NamUs unaozilinganisha, tena hata raia wa kawaida anaweza kuingia kuangalia, na mpaka leo kuna majimbo ambayo sheria inawalazimisha polisi kuutumia na mengine ni hiari yao.

Halafu kuna suala la mtu mzima. Sheria ya kule inamruhusu mtu mzima kuondoka zake bila kuaga. Polisi wakimkuta mzima na akasema sitaki kwetu wajue nilipo, wataambia familia yuko hai, basi, mambo ya anwani hamna. Kwahiyo mwanamke wa miaka 24 akiondoka na mwanaume baada ya kugombana nyumbani, kazi kubwa ya polisi inakuwa kuinua mabega. (Ile habari ya kusubiri masaa 24 ndo uripoti ni uongo lakini, haipo kwenye sheria, na kwa watoto tangu mwaka 1990 kuna sheria ya taifa inayokataza kabisa polisi kumwambia mzazi asubiri.)

Na upelelezi wa mauaji kawaida unaanzia kwa marehemu. Alikuwa anaishi na nani, nani alimuona mwisho, simu yake alipiga wapi, alikuwa anadaiwa? Kama marehemu hana jina huna hata pa kuanzia kubisha hodi. Wale wanne wa Allenstown walikuwa hawana mlango wa kubisha.

Mlango ulikuja kutokea California, upande wa pili kabisa wa nchi, na hakuna mtu aliyejua kama una uhusiano na mapipa.

Mwaka 1986 kwenye mji wa Scotts Valley kulikuwa na kambi ya zile gari ambazo watu wanaishi ndani. Mwanaume mmoja anayejiita Gordon Jenson alikuwa anafanya kazi ndogo ndogo pale, ana mtoto wa kike wa kama miaka mitano, anasema ni mwanae na mama yake alishafariki. Kulikuwa na wazee fulani pale kambini, mke na mume, binti yao anatamani mtoto, jamaa akawaambia basi mchukueni huyu kwa majaribio. Akaondoka. Hakurudi. Mtoto alipoanza kusimulia mambo aliyokuwa anafanyiwa wakapiga simu polisi. Jamaa akaja kukamatwa baadae kwa jina lingine, alama za vidole zikamuumbua, akafungwa kwa kosa la kumtelekeza mtoto, akatoka kwa masharti mwaka 1990 na akapotea kama moshi.

2002 anaibuka tena, sasa anaitwa Larry Vanner, anaishi na mwanamke mkemia mwenye asili ya Korea, Eunsoon Jun, kwenye mji wa Richmond, hukohuko California. Marafiki wa yule mama wakaona mbona haonekani, kila wakiuliza jamaa ana hadithi mpya. Polisi wakamuita, wakachukua alama za vidole, ikaja ile kesi ya mtoto wa 1986. Wakaenda kukagua nyumba. Chini ya nyumba kulikuwa na rundo kubwa la ule mchanga wanaowekea paka wa ndani wajisaidie, na Eunsoon yuko chini yake. Jamaa akahukumiwa kwa mauaji, akafungwa, na mwaka 2010 akafia gerezani bila kusema jina lake halisi ni nani. Nasisitiza hapo: kesi imekwisha, mtu kahukumiwa, kafa, na serikali haijui alikuwa nani.

Ila mpelelezi wa kesi ile alikuwa na swali linalomsumbua, yule mtoto wa kambini. Wakapima DNA na kukuta jamaa sio baba yake. Sasa kama sio wake kamtoa wapi? Yule binti wakati huo ni mtu mzima, ana maisha yake, na hajui amezaliwa wapi, lini, na nani. Kesi za kupotea huwa tunatafuta mtu. Hii mtu alikuwepo, amekaa pale, kinachotafutwa ni alikotoka.

Hapo ndo anaingia Barbara Rae-Venter, mwanasheria mstaafu aliyesomea baiolojia, ambaye kazi yake ya uzeeni ilikuwa kusaidia watu waliolelewa na familia za kuasili kutafuta wazazi wao wa damu kwa kutumia DNA. Mwaka 2015 mpelelezi mmoja akamuuliza, hiyo mbinu yenu inaweza kumsaidia mtu aliyetekwa akiwa mtoto? Jibu likawa ndiyo.

Nieleze hiyo mbinu maana ndo imebadilisha kila kitu na watu wanaichanganya na DNA ya kawaida ya polisi. Hifadhi ya DNA ya polisi inaangalia sehemu 20 tu. Ni kama alama ya kidole, unauliza "huyu ndo yule?", na kama mhusika hajawahi kukamatwa au kufungwa kwa kosa kubwa basi hayumo, unapata ukimya. Hii nyingine, ile ya makampuni ambayo Wamarekani wanatema mate kwenye kichupa wanatuma posta ili wajue asili yao, inasoma laki kadhaa za alama. Kwa hizo haiulizi ni nani, inauliza ni ndugu wa nani na kwa umbali gani. Mtoto wa baba mdogo mnachangia kama asilimia 12. Ukienda mbali zaidi inashuka haraka. Na hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko Kiingereza: mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe. Mkiwa nyote wawili ni vilembwe wa babu na bibi mmoja, ila matawi tofauti, mnachangia chini ya asilimia moja, na labda hamjawahi kuonana maisha yenu yote, ila mashine inawaona.

Kwahiyo unapakia DNA kwenye hifadhi ya wazi, unapata orodha ya hao ndugu wa mbali, halafu inaanza kazi ya miguu. Unapanda juu mpaka kwa yule babu wa pamoja wa miaka ya 1800, alafu unashuka kwa kila tawi, vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, matangazo ya vifo, sensa, mpaka unapata mtu wa jinsia sahihi, umri sahihi, aliyekuwa mahali sahihi. Kwa yule binti ilichukua zaidi ya mwaka na watu kibao wa kujitolea, maelfu ya masaa. Mwaka 2016 wakamfikia babu yake mzaa mama. Yuko hai. Yuko New Hampshire.

Mama yake binti anaitwa Denise Beaudin. Alikuwa na miaka 23, akiishi mji wa Manchester, na mara ya mwisho ndugu kumuona ilikuwa Thanksgiving ya 1981, ile sikukuu yao ya Novemba familia zinapokusanyika kula bata mzinga, akiwa na mwanae mchanga na mpenzi wake fundi umeme anayejiita Bob Evans. Siku chache baadae nyumba tupu. Ndugu wakajua wamekimbia madeni. Hakuna aliyekwenda polisi. Kwa hiyo ukifungua orodha ya waliopotea New Hampshire miaka 35 yote hiyo jina la Denise halimo, na ungeweza kuajiri mpelelezi bora duniani asimwone.

Polisi wakakaa chini. Bob Evans, Gordon Jenson na Larry Vanner ni mtu mmoja. Muuaji wa wanawake, kaishi New Hampshire mwanzoni mwa miaka ya 80, kama nusu saa kwa gari kutoka Allenstown. Wakachukua DNA yake wakailinganisha na wale wa kwenye mapipa. Yule mtoto wa katikati, asiyehusiana na wenzake, ni mwanae wa kumzaa.

2017 hiyo. Mwaka huohuo wakapata jina lake halisi kupitia DNA ya mtoto wake wa kiume aliyekuwa hai: Terry Rasmussen, mzaliwa wa Denver, aliwahi kuwa mwanajeshi wa majini, alioa, akawa na watoto wanne, familia ikamwona mwisho katikati ya miaka ya 70.

Mwanamke na watoto wake wawili walipata majina Juni 2019, na hapa kuna kitu nakipenda sana. Njia mbili zilifika mlangoni karibu wakati mmoja. Moja ni ya maabara: mifupa ilikuwa imechakaa, ikabidi mwanasayansi wa chuo kikuu cha California pale Santa Cruz abuni namna ya kutoa DNA kwenye unywele usio na mzizi, kitu ambacho miaka yote vitabu vilisema hakifai kwa kazi hiyo. Nyingine ni mkutubi mmoja wa Connecticut, mama wa kawaida tu anayependa hizi kesi, alikuwa anapekua matangazo ya zamani ya watu wanaotafuta ndugu zao mtandaoni, akakuta mtu anamtafuta dada yake aliyepotea utotoni, akafuatilia familia, akasikia kwamba mama yake huyo mtoto aliondoka na mwanaume wa jina Rasmussen. Vinyweleo vilinisimama mwili mzima nilipoisoma mara ya kwanza.

Marlyse Honeychurch, miaka 24, na wanae Marie na Sarah. Walionekana mwisho La Puente, California, Thanksgiving ya 1978. Marlyse aligombana na mama yake, akachukua watoto, akaondoka na yule jamaa. Thanksgiving tena. Sidhani kama ina maana yoyote ya kutisha, nadhani ni siku ambayo ndugu wanakumbuka nani alikuwepo mezani na nani hakuwepo, siku za kawaida nani anakumbuka?

Ukiangalia Rasmussen hakuwa na ujanja wowote wa filamu. Hakuacha mafumbo, wala hakuandika barua gazetini. Alibadilisha jina na kuhama jimbo, na alichagua wanawake ambao kwao palikuwa na ugomvi au madeni, ambao wakiondoka watu watasema ameamua mwenyewe. Samuel Little alifanya vilevile. Yule alikiri kuua watu 93 kati ya 1970 na 2005, FBI wenyewe wanamwita muuaji aliyeua wengi zaidi katika historia yao, na wengi wa aliowaua walikuwa wanawake weusi maskini, wanaojiuza au watumiaji wa dawa, ambao vifo vyao viliandikwa wamezidisha dozi au sababu haijulikani. Akiwa gerezani alikuwa anawachora kwa rangi, sura moja moja kutoka kichwani, na FBI wakasambaza zile picha kuomba watu waseme huyu ni nani.

Hii mbinu ya ukoo ilikuja kupata umaarufu Aprili 2018, alipokamatwa Joseph DeAngelo wa Sacramento, yule wa mauaji 13 na ubakaji wa watu karibu 50 kati ya miaka ya 70 na 1986. Alikuwa askari polisi jamani, wakati anaanza kufanya hayo! Alifukuzwa kazi 1979 baada ya kukamatwa anaiba dukani nyundo na dawa ya kufukuzia mbwa, na hata hapo hakuna aliyeunganisha. Timu ikiwa na huyohuyo Rae-Venter ilipanda kwenye ukoo na kushuka, na kabla ya kumkamata wakachukua DNA mpya kwenye kitasa cha gari lake na kwenye tishu aliyotupa kwenye takataka, maana matokeo ya ukoo peke yake ni fununu tu, lazima yathibitishwe na sampuli ya mtu mwenyewe. Alikiri 2020, kifungo cha maisha.

Baada ya hapo kelele za faragha zikaanza, na zina hoja. Wewe hujatuma DNA yako popote ila binamu yako katuma, basi nusu ya njia ya kuja kwako imeshafunguliwa. Mei 2019 hifadhi kubwa ya wazi, GEDmatch, ilibadilisha sheria ghafla, kila mtu akahesabiwa kakataa polisi mpaka aseme mwenyewe amekubali, na zaidi ya watu milioni moja wakafungwa kwa usiku mmoja, maabara zikabaki zinaangalia skrini tupu. Serikali kuu nayo mwaka huo ikaweka mwongozo: makosa mazito na maiti zisizo na jina tu, na mpaka hifadhi ya kawaida ishindwe kwanza. Maryland wakaenda mbali zaidi, 2021 wakapitisha sheria kwamba lazima jaji akubali.

Ila kasoro inayoniuma mimi ni nyingine. Waliojaza hizo hifadhi wengi ni Wamarekani wenye asili ya Ulaya. Mtu mweusi aliyeuawa, mfano hao wanawake wa Samuel Little, ukipakia DNA yake unapata ndugu wachache wa mbali sana, na ukipanda juu unagonga ukuta kwa sababu kabla ya 1865 babu zake wengi waliandikwa kama mali, bila jina la ukoo. Kwahiyo mbinu inawafikia polepole zaidi walewale ambao hata mwanzo hakuna aliyewatafuta.

Yule mtoto wa katikati wa kwenye pipa, mwanae Rasmussen, alibaki bila jina mpaka Septemba 2025. Anaitwa Rea, na mama yake ni Pepper Reed, naye hajaonekana tangu mwishoni mwa miaka ya 70. Denise Beaudin pia hajapatikana. Lile kaburi la Allenstown lilishawekwa jiwe jipya lenye jina la Marlyse na Marie. Polisi wa New Hampshire bado wanaomba mtu yeyote aliyemfahamu fundi umeme Bob Evans wa Manchester, aliyefanya naye kazi, aliyempangisha chumba, awapigie.